Lowesha Mkono Kwanza

Mara ya kwanza nilipokwenda kununua samaki kwa Bi Hisano Kadota, alinifukuza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, ndio kwanza nimefungua duka langu la kunyolea pale kijijini Takibara, na nilikuwa na mwanzi mpya wa kuvulia ambao ulikuwa mrefu kuliko akili yangu. Nikatumbukiza mkono kwenye tangi lake, mkono mkavu, mchana wa Agosti, nikamkamata ayu mmoja tumboni. Bi Hisano alinichapa kwenye kiwiko kwa mpini wa kile kijiwavu anachotolea samaki.

"Umemchoma," akasema.

"Nimemchoma na nini, mama? Hata kiberiti sina."

"Na huo mkono. Wewe una joto la nyuzi thelathini na sita. Yeye hapo alipo ana kumi na saba. Nikikukumbatia na pasi ya moto utasema nakupenda?"

Waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mlangoni palikuwa na ndoo ya bati yenye maji ya mto. Akaniambia nitie mkono humo, nihesabu mpaka ishirini, ndipo niguse samaki. Nilikataa. Kijana mwenye mwanzi mpya haambiwi ahesabu mbele za watu. Basi sikuuziwa kitu siku hiyo wala kesho yake, na siku ya tatu nilirudi mpole, nikatia mkono ndooni na kuhesabu kwa sauti mpaka ishirini.

Imepita miaka thelathini na saba. Ndoo iko palepale, ingawa imezibwa matundu mara mbili. Nimewaona wakihesabu hapo daktari, kasisi wa hekalu, na mkaguzi wa mkoa mwenye tai. Yule mkaguzi alijaribu kuruka kutoka kumi na mbili kwenda ishirini. Alianzishwa upya.

Niseme kidogo juu ya ayu, kwa sababu bila yeye huyu mama haeleweki. Ayu ni samaki wa mwaka mmoja tu. Majira ya kuchipua anapanda Mto Nui kutoka baharini akiwa mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, anachagua jiwe lake, anakula ule utando wa kijani unaoota juu ya jiwe, na kuanzia hapo jiwe ni shamba lake na kila anayekatiza ni mwizi. Ukimtegea mdudu hana habari nawe. Anapatikana kwa ugomvi. Unamchukua ayu mwenzake aliye hai, unamvisha kipete puani, unamfungia ndoana tupu nyuma ya mkia, unampeleka polepole mpaka kwenye jiwe la watu. Mwenye shamba akimwona anamrukia kumfukuza, na ndoana inamdaka kwa hasira zake mwenyewe. Yule wa kwanza, wa kukodiwa matusi, mimi namwita mchokozi. Bi Hisano anauza wachokozi.

Biashara hiyo aliachiwa na mumewe, Yasohachi, aliyefariki akiwa bado hana mvi hata moja. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemnyoa kwa ajili ya jeneza. Alimwachia kibanda kando ya daraja, matangi manne ya saruji, na mdogo wake Ryukichi, ambaye si mali lakini naye alirithiwa. Ryukichi alikula kwa shemeji yake mpaka alipooa. Leo ndiye mwenyekiti wa chama cha mto, ana kofia yenye nembo, na akipita kijijini anatembea kama aliyeuchimba mto mwenyewe.

Wauza wachokozi wote wa huku kwetu, mkoa wa Kochi, Japani, walikuwa na sifa moja ya kujivunia: maji ya chemchemi. Maji baridi kutoka mlimani, nyuzi kumi na saba kiangazi chote. Mwenye maji baridi zaidi ndiye mwenye samaki bora, hakuna aliyebisha. Bi Hisano naye alikuwa hivyo, mpaka mwaka ule ulipoporomoka mlima ukakata bomba lake. Ikabidi avute maji ya mto kwa pampu, na mto siku hizo ulikuwa nyuzi ishirini na sita. Kwa siku mbili nusu ya samaki wake walikufa. Nilipita asubuhi nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa tangi analia waziwazi, miguu ndani ya maji, na samaki weupe wameelea kumzunguka. Nikamshikia ndoo akawaokota.

Ile nusu iliyobaki akaiuza kwa aibu. Jioni wavuvi wakarudi. Mmoja akamwambia, "Mama, huyu mchokozi wako wa leo umemlisha nini? Tangu asubuhi anapigana, na bado ana nguvu." Wa pili naye vivyo hivyo. Wa tatu akataka kumbusu.

Zamani wateja walikuwa wakilalamika kwamba wachokozi wake wanachoka baada ya nusu saa, wanageuka tumbo juu, na yeye siku zote alilaumu mikono yao. Usiku ule, aliniambia baadaye, alijilaumu mwenyewe. "Kinyozi, miaka yote nilikuwa nawatoa jokofuni nawatupa kwenye sufuria. Halafu namsuta mtu eti ana mkono wa moto."

Bomba lilipotengenezwa hakurudi kwenye ubaridi wake. Alichanganya maji ya mlima na ya mto, akapandisha joto la tangi uzi mmoja kwa siku, akawa na tangi la wageni, tangi la wanaozoea, na tangi la waliozoea. Kila saa nne ya asubuhi aliteremka mtoni na kipimajoto kilichofungwa kamba, akaandika kwenye daftari la shule. Wenzake walimcheka. Wa ng'ambo ya daraja alibandika kibao: SAMAKI WA MAJI BARIDI, SI SUPU. Bi Hisano akakisoma, akanunua rangi, na kwenye kibao chake akaandika: SUPU IPO.

Wateja walifuata supu. Lakini msidhani alilewa sifa. Mtu mwingine angesema nimegundua dawa, sasa joto si kitu. Yeye aliendelea kupima, akawajaribu wachache kwenye joto la juu zaidi, akaona mwisho wake. Mpaka nyuzi ishirini na saba wanazoea. Ishirini na nane wanaishi lakini wanaacha kula. Kuelekea thelathini wanasimama tu, wakitweta, na ukimweka mwingine karibu yao hawamtazami.

"Kuzoea kuna dari," alisema. "Nawapandisha ngazi mpaka darini, juu ya hapo siwezi kuwapitisha."

"Lakini mbona hawafi?"

"Kutokufa si uzima. Samaki huyu akiacha ugomvi usidhani kaokoka. Anaumwa."

Sasa niingie kwenye kiangazi cha mwaka jana, ambacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya wembe.

Tangu katikati ya Julai haikunyesha. Mto ukapungua mpaka mawe ya katikati yakatoa migongo. Bi Hisano alipima ishirini na saba, kisha ishirini na nane, na siku alipoona ishirini na tisa alitundika ubao mlangoni: LEO HAKUNA. Nikamkuta amekaa mbele ya feni, matangi yake yamejaa.

"Mama, samaki ninawaona hapa, na unasema hakuna?"

"Samaki wapo. Mto ndio haupo."

"Watu wametoka mbali. Wana pesa mkononi."

"Wachukue pesa zao wakanunue tikiti maji, wakae kivulini. Mimi sitampeleka mtu wa watu kwenye nyuzi ishirini na tisa akatukane walio mahututi."

Ule ubao ulikaa siku kumi na tisa. Msimu wenyewe ni mfupi, na hakuna aliyemlazimisha. Nilimwona kichaa, na nilisema hivyo dukani kwangu kwa kila aliyekaa kwenye kiti.

Ndipo samaki wakaonekana Jiwe la Kioo. Hapo ni mahali mto unapopiga kona chini ya mwamba mmoja mweusi, na pana kidimbwi kirefu. Mtoto wa postamasta ndiye aliyewaona kwanza akiwa darajani, baba yake akaja, mimi nikafunga duka nikaenda. Ayu walikuwa wamejaa pale ubavu kwa ubavu mpaka chini hakuonekani mchanga, mamia kwa mamia, wote wameelekeza vichwa kwenye mwamba. Watu wa mjini walipiga picha. Ryukichi alivua kofia yake yenye nembo akajipepea, macho yamemlowa kwa furaha. Akasema tangu awe mwenyekiti hajapata kuona baraka kama ile, na kwamba Siku ya Nyavu ya mwaka huu itasimuliwa.

Siku ya Nyavu kwetu ni tarehe kumi na sita Agosti, baada ya sikukuu ya Bon, ambapo roho za marehemu hurudi nyumbani kisha tukaziaga. Mwaka mzima nyavu ni marufuku. Siku hiyo baragumu likipulizwa kila mwenye leseni anarusha wavu wake, na jioni kijiji na wageni wake wanakula samaki wa kuchoma pamoja. Miaka mingine haina madhara makubwa, kwa kuwa samaki wametapakaa kilomita nane za mto na nyavu zinapata wachache wazembe. Mwaka ule nyavu arobaini zilikuwa zinakwenda kidimbwi kimoja.

Bi Hisano aliomba kikao cha chama. Tulikaa watu kumi na watano kwenye chumba cha mikutano, milango wazi, hakuna hata upepo wa kupeperusha karatasi. Akasimama na madaftari yake kifuani.

"Ninaomba jambo moja," akasema. "Siku ya Nyavu isogezwe mbele mpaka mvua inyeshe."

Ryukichi akatabasamu. "Shemeji, samaki wako tele kuliko wakati wowote. Tusogeze kwa nini?"

"Ryukichi, jana ulikwenda posta?"

"Nilikwenda."

"Ulikuta watu?"

"Pamejaa. Wazee wote wa Takibara wako pale, hata pa kusimama hapana."

"Kijiji kimeongezeka watu?"

"Kimeongezeka wapi, wanafuata kiyoyozi cha..." Watu walicheka, na masikio ya mwenyekiti yakawa mekundu.

"Pale Jiwe la Kioo panatoka chemchemi chini ya mwamba," Bi Hisano akaendelea. "Nimepima chini pale: ishirini na mbili. Hatua kumi pembeni: thelathini. Samaki wa mto mzima wako posta. Hao ndio wazazi tulio nao. Oktoba wanashuka kutaga, na baada ya hapo wanakufa, hakuna wengine. Mkizungusha nyavu pale hamtabakiza mzazi, na atakayeponyoka anakimbilia kwenye nyuzi thelathini, atakufa kabla hamjamaliza kuchoma wenzake. Mwaka ujao mtakuja kwangu kununua wachokozi wa kumchokoza nani?"

Mmoja akasema hayo ni maneno tu, labda samaki wako wengi kule juu pia. Bi Hisano akajibu kwamba ayu akila utando huacha alama za meno kwenye jiwe, kila mtu anajua, na kule juu mawe yote yameota manyoya hayajaguswa kwa wiki mbili. Twendeni sasa hivi mkayaone, ni mwendo wa nusu saa.

Tulitazamana. Nje jua lilikuwa linawaka.

"Shemeji," Ryukichi akasema, "joto hili, kupanda mpaka kule..."

"Ndivyo hata samaki wanavyosema."

Hatukwenda. Tulinyoosha mikono kupiga kura: wanne walimuunga mkono, kumi na mmoja tulitaka nyavu. Nimeandika tulitaka kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao. Binti yangu alikuwa anakuja kutoka Osaka na mume wake, na nilikwisha kumwahidi yule kijana kwamba ataniona nikirusha wavu. Niliona aibu kutazama mbele. Bi Hisano alituangalia mkono mmoja mmoja, akafunga madaftari yake kwa kamba, akasema asanteni kwa kunisikiliza, akaondoka. Sikio la kufa halisikii dawa, na siku ile yalikuwa masikio ishirini na mawili.

Tarehe kumi na sita tulikusanyika asubuhi na mapema. Makaa yalikwishawashwa ukingoni, vijiti vya kuchomea vimepangwa, mkwe wangu amevaa kofia mpya ya majani. Samaki walikuwa palepale, weusi chini ya mwamba. Ryukichi ameshika baragumu la kombe chini ya kwapa.

Sasa iko desturi yetu ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria. Kabla ya baragumu kupulizwa, mwenye leseni mkubwa kuliko wote kwa umri hutia mkono majini na kusema, "Mto umekubali." Ni maneno mawili. Kwa miaka kumi na minne aliyasema Mzee Iwao, mara nyingine amelewa, mara nyingine usingizini, na mto ulikubali kila mwaka. Lakini Mzee Iwao tulimzika Februari. Karani wa chama akafungua orodha, akapitisha kidole chini, akakohoa.

"Mwenyekiti. Mkubwa sasa ana miaka sabini na minane."

"Nani?"

"Shemeji yako."

Alikuwa amekaa nyuma ya watu, amegeuza ile ndoo yake ya bati ameikalia. Sijui kama alikwishajua. Mimi nadhani alijua tangu Februari, ila hata nikimuuliza leo ananiambia nikanyoe watu. Akasimama, akakunja suruali, akapita katikati yetu na nyavu zetu mabegani.

Kwanza hakwenda kidimbwini. Alikwenda pembeni, kwenye maji ya kina kifupi yanayopita juu ya kokoto, akainama, akatia mkono. Akahesabu mpaka ishirini kwa sauti ya kawaida. Kisha akaja chini ya mwamba, akapiga goti, akatia mkono uleule, akahesabu tena. Watu arobaini na wageni wao walimngojea. Alipofika ishirini hakuutoa mkono.

"Sema, shemeji," Ryukichi akamwambia kwa sauti ya chini. "Watu wanangoja."

"Siwezi kusema uongo na mkono uko majini."

"Ni desturi tu. Maneno mawili."

"Basi yaseme wewe. Lowesha mkono kwanza."

Kijana mmoja nyuma akaguna kwamba mambo ya familia yamalizwe nyumbani. Ryukichi alimgeukia kwa jicho lililomkausha. Nadhani alitaka kumaliza haraka tu. Akampa karani baragumu, akaenda kwenye kokoto, akainama, akatia mkono. Nilimwona akiutoa upesi, kisha akaurudisha na kuuacha humo. Miaka sitini anavua mto ule. Aliingia humo kabla hajajua kusoma, Yasohachi amemshika mkanda.

Halafu akaja chini ya mwamba, akapiga goti karibu na shemeji yake. Mkono ulipoingia majini sote tulingoja samaki watawanyike. Ayu hata kivuli chake mwenyewe anakigombeza. Hawakutawanyika. Walisogea kidogo tu, kwa uchovu, wakampisha, wengine wakabaki wameegemea vidole vyake. Ryukichi alimshika mmoja kwa vidole viwili, akamwinua mpaka karibu na uso wa maji, na yule samaki hakupiga hata mkia. Alikuwa anafungua na kufunga mdomo. Ryukichi akamrudisha chini taratibu, akamshikilia hapo mpaka akasimama mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake, wavu begani, na nikaona wavu ule umekuwa mzito ghafla. Nikaushusha chini.

"Kaka yangu angenipiga," Ryukichi akasema, si kwa kila mtu, kwa shemeji yake tu.

"Angekupiga," Bi Hisano akakubali. "Halafu angekupa chakula."

Mwenyekiti akasimama. Akachukua baragumu kwa karani, akalifunga kwenye kitambaa chake, fundo mara mbili. Akasema kwa sauti, "Mto haujakubali."

Kelele zilikuwepo, siwezi kuficha. Mtu mmoja alisema ameendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Osaka. Ryukichi akamwambia basi atakuwa amechoka, apumzike. Makaa yalikuwa tayari, kwa hiyo tulichoma biringanya, mahindi na soseji, na mwenyekiti alitaniwa kwa soseji hizo mpaka jioni: walimuuliza kama amezivua kwa wavu au kwa mwanzi. Aliendelea kula. Mkwe wangu aliniambia ile ndiyo siku bora aliyopata kuiona huku kwetu, na mimi sikuweza kumtazama.

Mvua ilinyesha tarehe ishirini na saba, mchana, kubwa, ikaendelea siku mbili. Maji yaliposafika kidimbwi cha Jiwe la Kioo kilikuwa kitupu. Watu walisimama darajani wakitazama mchanga, na nadhani kila mmoja aliingiwa na hofu ileile, kwamba tumewatunza wafe.

Siku ya nne baada ya mvua Ryukichi aliingia dukani kwangu, suruali imelowa mpaka magotini. Hakukaa kwenye kiti. Alifungua taulo lililolowa, akaweka jiwe mbele ya kioo changu, kati ya chanuo na sabuni. Lilikuwa limekatwakatwa pande zote na alama fupi nyembamba, mpya, kama majani ya mwanzi, mpaka weusi wa jiwe unang'aa.

"Nimelitoa kule juu kabisa," akasema. "Na yote ni hivi. Kilomita nane, kinyozi. Nimetembea yote."

"Mpelekee shemeji yako wewe mwenyewe."

"Mpelekee wewe. Mimi naona haya."

"Na mimi je? Mkono wangu haukuwa juu?"

Alifikiri kidogo. "Ulikuwa juu. Basi nenda na wewe ukaone haya, kwangu zimetosha."

Nilimkuta Bi Hisano anashusha ule ubao wa LEO HAKUNA. Nikampa jiwe bila salamu. Alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye alama zile, taratibu, huku na huku. Akaliweka juu ya madaftari yake.

"Wamerudi shambani," akasema. "Wanagombana tena."

"Mama, naomba unisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unalijua."

Alikwenda kwenye tangi la tatu, la waliozoea, akawatazama samaki wake ambao kwa wiki tatu aliwalisha bila kuwauza. Mto asubuhi ile ulikuwa nyuzi ishirini na tatu, alikwisha kuandika. Akaniambia nikachukue mwanzi wangu, nitakuwa mteja wa kwanza. Nilikwenda mbio, mtu wa miaka sitini na moja, nikarudi ninahema, nikanyoosha mkono kuelekea tangini.

"Ndoo," akasema.

Nikatia mkono ndooni, nikahesabu kwa sauti mpaka ishirini. Nilipotaka kuutoa alinigusa kiwiko kwa ule mpini wa kijiwavu, palepale aliponichapa miaka thelathini na saba iliyopita.

"Huo ndio mkono ulionyoosha kule chamani?"

"Ndio huu, mama."

"Basi huo una moto zaidi. Endelea mpaka arobaini."

Nikaendelea mpaka arobaini, na wateja walikwisha kuanza kupanga foleni nyuma yangu, na hakuna aliyecheka. Nilipofika, kwa hiari yangu, nikaongeza kumi.